Fundi, Mnakili na Soko la Mbali: Muhamadi Kijuma katika Uchumi wa Lamu

Historia ya ushairi wa Kiswahili imeandikwa zaidi kama historia ya tungo kuliko historia ya kazi. Mhakiki anapoukabili utenzi mkongwe huuliza ulitungwa na nani, mwaka gani, kwa lahaja ipi na kwa kufuata kaida zipi za arudhi. Aghalabu haulizi karatasi ilitoka wapi, nani aliyeinama juu yake siku nenda siku rudi akinakili beti mia na zaidi, na fundi huyo alikula nini siku hizo. Maswali ya namna hii yameachiwa wanauchumi, nao wanauchumi kwa upande wao hawana habari na tenzi. Kwa sababu hiyo kundi zima la watu walioishi kwa sanaa katika miji midogo ya pwani, yaani wanakili, mafundi wa nakshi, manju wa ngoma na wapiga ala, limepotea baina ya taaluma mbili.

Mfano ulio wazi wa kundi hili ni Muhamadi bin Abubakari bin Omari, maarufu kwa jina la Kijuma, aliyezaliwa Lamu mnamo 1855 au karibu na hapo, akafariki mwaka wa 1945. Kijuma alikuwa mshairi, mnakili, bingwa wa khati, mchonga nakshi za mbao, mpiga ala na mtu wa ngoma. Jina lake linajulikana na kila aliyewahi kupekua miswada ya tenzi iliyohifadhiwa Uingereza na Ujerumani, lakini kwa muda mrefu lilijulikana kwa namna ya ajabu: kama jina la mtu aliyekuwa amesimama mlangoni wakati fasihi ikipita. Mohamed Abou Egl alimwandikia tasnifu nzima katika Chuo Kikuu cha London mwaka wa 1983, na mnamo 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke wakachapisha mkusanyo mkubwa wa maandishi yake. Kazi hizo mbili zimemrudishia hadhi ya msanii. Lililosalia ni kumtazama kama mfanyakazi aliyeuza ustadi wake katika mji uliokuwa ukididimia, na kuuliza ustadi huo uliufaa mji kwa kiasi gani.

Makala haya yanashikilia kwamba Kijuma alipata wateja wapya wakati ambapo wateja wa jadi wa sanaa ya Lamu walikuwa wamepungukiwa na mali. Kwamba wateja hao walimlisha yeye lakini hawakuuinua mji, kwa kuwa hatua zote zilizoiongezea kazi yake thamani zilifanyika ng'ambo. Na kwamba soko hilohilo ndilo lililochagua, kwa kiasi ambacho uhakiki haujakikiri vya kutosha, tungo zinazofundishwa leo kama urithi mkongwe wa Kiswahili.

Sanaa na mali visiwani

Kabla ya utawala wa Waingereza, sanaa katika visiwa vya Lamu ilikuwa sehemu ya kawaida ya biashara. Miji ya Pate, Siyu, Faza na Lamu yenyewe iliishi kwa pepo za kaskazi na kusi. Vyombo vilivyotoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi vilileta nguo, tende na vyombo vya kauri. Vilirudi na pembe za ndovu, boriti za mikoko, nafaka na ngozi. Mali iliyobaki mjini iligeuzwa kuwa nyumba za mawe na chokaa zenye kuta za zidaka, milango ya nakshi, vitanda na viti vya enzi vilivyotiwa pembe, na misahafu iliyoandikwa kwa mkono. Siyu ndiyo iliyosifika zaidi kwa kazi za mikono. Haukuwa mji mkubwa, wala haukuwa na bandari ya kushindana na Lamu, lakini ulikuwa na mafundi wa ngozi, wa mbao na wa khati, na misahafu iliyonakiliwa huko inatambulikana hadi leo kwa mapambo yake. Mtafiti anayetaka kuona mji mdogo ulioishi kwa ustadi wa mikono hana haja ya kwenda mbali.

Inafaa ikumbukwe ni nani aliyelipa. Desturi ya wenye mali wa Lamu ilikuwa kumpa binti nyumba anapoozwa, na kwa hivyo kila harusi kubwa ilimpa kazi mwashi, mchonga milango na mtengeneza vitanda. Aliyetaka thawabu aliagiza msahafu, akauweka wakfu msikitini. Fedha za kuyalipia haya zilitoka kwa sehemu kubwa katika mashamba ya bara mkabala na visiwa, ambako watumwa walilima nafaka na ufuta, kama Marguerite Ylvisaker alivyoonyesha kwa kirefu katika kitabu chake cha 1979. Mlango wa Lamu una jasho la watu ambao majina yao hayakuchongwa juu ya mwimo wowote. Uhakiki unaousifu ustaarabu wa pwani bila kulitaja hilo husifu nusu ya habari.

Fasihi ya visiwa iliujua uchumi huu vizuri. Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19, husomwa kwa kawaida kama mawaidha juu ya udhia wa dunia. Usomaji huo ni sahihi lakini haujitoshelezi. Mshairi anapotaka kuithibitisha hoja yake haendi kwenye dhana. Anaingia ndani ya majumba ya Pate na kutaja taa, zidaka, vyombo vya kauri, malazi na kumbi, yaani kazi za mafundi. Ushahidi wake wa anguko ni orodha ya bidhaa za sanaa zilizokosa mwenyewe. Utendi wa Mwana Kupona nao, uliotungwa mwaka wa 1858 na mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima, ulitoka katika nyumba ya tabaka lililokuwa likiwaajiri mafundi hao. Utendi huo ulinakiliwa, ukasomwa na kuhifadhiwa na wanawake wa visiwani kwa miongo mingi bila ya kuwa bidhaa ya mchuuzi yeyote. Jambo hilo litarejewa.

Wateja wanapoondoka

Mnamo 1890 Wajerumani waliiachia Uingereza himaya ya Witu, na mwaka wa 1895 pwani yote ikawekwa chini ya utawala mmoja uliokuwa na makao yake Mombasa. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka wa 1901. Kuanzia hapo mizigo ya bara ilikuwa na njia moja tu ya kufikia bahari, na njia hiyo haikupitia Lamu. Mwaka wa 1907 hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika ukanda wa pwani ya Kenya. Lilikuwa jambo la haki lililochelewa mno. Lakini kwa wenye mashamba wa Lamu, ambao hawakuwa na fedha za kuajiri vibarua, lilimaanisha mwisho wa pato lililokuwa likijenga nyumba na kuoza mabinti.

Lamu haikufa. Boriti za mikoko ziliendelea kupakiwa kwenda Uarabuni na Ghuba kwa miongo mingi, pamoja na nazi, mikeka na samaki. Hata hivyo boriti huhitaji shoka, haihitaji patasi. Mji uliweza kupata chakula kwa biashara hii bila ya kumpa kazi hata mchongaji mmoja. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa kuwa takwimu za bandari zinaweza kuonyesha shughuli ilhali ufundi unakufa pembeni.

Kijuma alikuwa na umri wa miaka 35 hivi mwaka wa 1890. Alijifunza ustadi wake chini ya uchumi mmoja, akaishi miaka 55 iliyofuata chini ya uchumi mwingine. Wasifu wake unapoandikwa, wingi wa fani alizozimudu husifiwa kama dalili ya kipaji kisichokuwa na mfano. Kipaji alikuwa nacho. Lakini wingi huo unasomeka pia kama dalili ya ufinyu wa soko. Siyu ya zamani iliweza kumlisha mtu aliyejua khati peke yake, na mwingine aliyejua ngozi peke yake. Lamu ya Kijuma haikuweza. Ilimbidi mtu mmoja achonge mlango mwezi huu, apige ala kwenye harusi mwezi ujao, atunge shairi la mashindano ya ngoma baina ya mitaa ya Mkomani na Langoni, kisha arudi kwenye kalamu ya mwanzi. Ubingwa wa fani moja ni anasa ya mji wenye fedha.

Mswada unageuka bidhaa

Hapo ndipo alipotokea mteja wa aina mpya. Alice Werner, ambaye baadaye alikuwa profesa London, alizuru Afrika Mashariki kati ya 1911 na 1913, akafika Lamu. Mswada wa Utendi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Kijuma ni wa mwaka wa 1913. Katika miaka ya 1930 William Hichens, akiwa Uingereza, aliagiza na kupokea kutoka kwake idadi kubwa ya miswada, ambayo sasa ni sehemu ya mkusanyo wake ulioko London. Ernst Dammann, mtaalamu wa Kijerumani, alifika Lamu katika nusu ya pili ya miaka hiyo ya 1930 na kufanya kazi na Kijuma ana kwa ana. Kitabu chake cha tungo za Kiamu, kilichotoka mwaka wa 1940, kinategemea sana mkono wa mzee huyo.

Ni vyema kufikiria kazi yenyewe ilivyokuwa. Agizo linakuja kutoka mbali: unatakiwa utenzi fulani, uwe kamili, uwe mkongwe, uandikwe kwa hati safi. Mnakili hununua karatasi na wino. Huutafuta utenzi. Tungo hizo hazikuwa dukani; zilikuwa makashani mwa familia, na mwenye kuzimiliki hakumwazima kila apitaye. Kwa hivyo mtaji mkubwa wa mnakili haukuwa kalamu bali imani ya watu, iliyojengwa na jamaa, ujirani na umri. Kisha hunakili, hupamba kichwa cha mswada, hutia jina lake na tarehe, na kuutia posta. Malipo yanayorudi ni ya uandishi. Imani ya familia zilizoazimisha haikuwa na bei, na kwa hiyo haikulipwa.

Baada ya posta kazi huanza upya mahali pengine. Mswada husomwa, hutiwa hati za Kirumi, hufasiriwa, huandikiwa utangulizi na kuchapishwa. Utendi wa Mwana Kupona ulichapishwa na Werner nchini Marekani mwaka wa 1917, ukatolewa tena naye na Hichens nchini Uingereza mwaka wa 1934. Hichens aliitoa Al-Inkishafi mjini London mwaka wa 1939. Kitabu cha Dammann kilitoka kwa Kijerumani, lugha ambayo msomaji wa Lamu wa mwaka wa 1940 hakuijua. Kila hatua katika safari hii iliongeza thamani: ya kitabu, ya maktaba, ya cheo cha mhariri. Hakuna hata hatua moja iliyofanyika visiwani. Lamu ilitoa malighafi iliyokwisha fanyiwa nusu ya kazi, sawasawa na boriti.

Haki yao wataalamu hao wapewe. Lau si maagizo yao, nyingi za tungo hizi zingeliwa na mchwa na unyevu wa bahari makashani, na hakuna ushahidi kwamba mnunuzi mwingine yeyote alikuwa akisubiri. Serikali ya kikoloni haikuwa na haja na khati ya Kiarabu; shule zake zilifundisha kwa hati za Kirumi. Kwa Kijuma mzee, agizo kutoka Uingereza huenda ndilo lililotofautisha wiki yenye kitoweo na wiki isiyo nacho. Swali la makala haya si la wema au ubaya wa wanunuzi. Ni swali la mahali ambapo kazi ilikamilishwa.

Soko hili liliacha alama katika fasihi yenyewe, na hapa mhakiki hana budi kujichunga. Kwanza, mnunuzi alipendelea utenzi mrefu, wa kale, wa mashujaa au wa dini. Nyimbo za ngoma za majibizano, ambazo Kijuma alizimudu na ambazo watu wa Mkomani na Langoni walizilipia kwa fedha zao wenyewe, zilipata nafasi ndogo zaidi katika vitabu, ingawa Dammann alizijali kuliko wenzake. Picha ya ushairi wa Lamu kama ushairi wa uchaji na utulivu imetokana kwa sehemu na orodha ya maagizo. Anayeifundisha picha hiyo chuoni anafundisha ladha ya mteja.

Jambo la pili ni zito zaidi kwa wahariri wa matini. Mnakili anayeishi kwa kalamu hunakili utenzi uleule zaidi ya mara moja, kwa wateja tofauti. Nakala moja huishia London, nyingine Ujerumani. Miaka hamsini baadaye mhariri huziweka nakala hizo sambamba mezani, na anapoona zinaafikiana katika neno fulani huliona neno hilo limethibitishwa na mashahidi wawili. Kumbe shahidi ni mmoja aliyelipwa mara mbili. Na zinapotofautiana, tofauti hiyo huenda ni uamuzi wa fundi aliyekuwa mshairi pia, aliyeona ubeti unaweza kukaa vizuri zaidi. Uhakiki wa matini uliokopwa kutoka Ulaya ulimfikiria mnakili kama chombo cha kupitishia maneno, na makosa yake kama ajali. Kijuma hakuwa chombo.

Mgogoro juu ya Utendi wa Fumo Liyongo unatokana na hapo. Ngano ya Liyongo ni kongwe; Edward Steere aliichapisha kwa nathari mwaka wa 1870, na Werner akaijadili kwa mapana mwaka wa 1926. Je, Kijuma aliutunga utendi wa 1913 au aliunakili? Wataalamu wamegawanyika. Chapisho lililotolewa Dar es Salaam mwaka wa 1973, likiwa na utangulizi wa Abdilatif Abdalla, lilimtaja kama mwenye utendi. Katika orodha za maktaba hutajwa mara kama mtunzi, mara kama mwandishi wa hati. Tofauti hii huonekana kuwa ya kitaaluma tu, lakini katika uchumi wa sanaa ni tofauti ya haki: mtunzi ana mali, mnakili ana ujira. Wanunuzi walilipa ujira. Mgawanyo wenyewe baina ya mtunzi na mnakili, unaodhaniwa kuwa wa asili, ulikuwa mgeni kwa mtu ambaye hakuwahi kuuliza mlango alioutia nakshi ni wake kwa ubunifu au ni wa jadi kwa ruwaza.

Kazi inayobaki mjini

Hoja kwamba mswada haukuuinua mji inaweza kupimwa kwa kuulinganisha na sanaa mbili zilizokwenda njia nyingine.

Ya kwanza ni Maulidi. Habib Saleh, aliyefariki mwaka wa 1935, alianzisha mafunzo na Msikiti wa Riyadha, uliojengwa Langoni mwanzoni mwa karne ya 20. Maulidi ya Riyadha yalisomwa kwa sauti, kwa matwari na kwa mwili mzima, na Abdul Hamid el-Zein ameeleza katika kitabu chake cha 1974 jinsi jambo hilo lilivyotikisa mpangilio wa matabaka mjini, kwa kuwapa nafasi watu waliokuwa wamewekwa nje. Kiuchumi lililo muhimu ni jepesi: Maulidi hayawezi kutiwa posta. Anayeyataka hana budi kuja. Kila mwaka, katika mwezi wa Mfungo Sita, wageni wa pwani nzima na wa kutoka mbali hupanda mashua kwenda Lamu, nao hula, hulala, hununua kofia za vito na kutoa sadaka. Waimbaji wengi hawalipwi hata senti. Lakini nahodha, muuza samaki, mshona kofia na mwenye nyumba hulipwa. Karne moja na zaidi imepita na sanaa hii bado inaingiza fedha mjini, ilhali haikukusudiwa kuwa biashara, na pengine kwa sababu hiyo.

Sanaa ya pili ni nakshi, aliyoifanya Kijuma mwenyewe. Historia yake ina majonzi yake. Milango ya kale iling'olewa na kuuzwa, na viti vya enzi vya Lamu na Siyu vikaishia katika sebule za watu ambao hawajawahi kuiona Siyu. Lakini mlango, tofauti na mswada, una hitaji la kudumu katika mji wenyewe. Makumbusho ya Lamu yalifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, James de Vere Allen akiwa msimamizi wake wa kwanza. Usam Ghaidan akachapisha uchunguzi wake wa majengo ya mji mwaka wa 1975. Mji wa kale ukatangazwa eneo la hifadhi mwaka wa 1986 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2001. Masharti ya hifadhi yalimaanisha kwamba anayekarabati nyumba humhitaji fundi anayejua miimo na mfaa. Karakana zikawa na kazi, na karakana yenye kazi huwa na wanagenzi. Ruwaza za zamani zilirudi mikononi mwa vijana kwa njia hiyo, wala si kwa hotuba juu ya kuthamini utamaduni.

Isidhaniwe kwamba njia hii haina hatari. Fedha za ukarabati zilitegemea kwa kiasi kikubwa wageni na watu wa nje walionunua nyumba Lamu na Shela. Utekaji nyara wa wageni mwaka wa 2011, mashambulizi ya Mpeketoni ya mwezi wa Juni 2014, na kufungwa kwa safari mwaka wa 2020 kuliwaacha wachongaji na milango isiyo na mnunuzi. Mteja wa mbali anapokuja mjini mwenyewe bado ni mteja wa mbali. Hata hivyo fundi aliyefundishwa hubaki na patasi yake, na mwanagenzi hubaki na ustadi. Wingu linapopita kazi huanza tena. Kijuma alipofariki mwaka wa 1945, soko la miswada halikuacha mjini karakana wala wanagenzi, wala duka la kupigia chapa. Liliacha sifa.

Ulinganisho huu unatoa fundisho ambalo mijadala ya maendeleo ya maeneo yaliyo nje ya miji mikubwa huliruka. Huchukuliwa kwamba kuwako kwa wasanii katika mji mdogo ni neema kwa uchumi wake, kana kwamba kipaji huvuja kutoka nyumba moja hadi nyingine kama harufu ya pilau. Lamu ya 1890 hadi 1945 ilikuwa na mmoja wa wasanii hodari kuliko wote waliojulikana pwani, akifanya kazi bila kupumzika kwa wateja wa mataifa mawili makubwa, na mji ukazidi kufukarika. Kilichopungua ni vyombo vya kuikamilisha kazi hiyo hapo hapo: matbaa, mhariri, shule iliyoihitaji, na mnunuzi wa pili baada ya wa kwanza.

Njia ya Leiden

Hali ya baada ya uhuru haikubadilika kwa haraka ambayo ingetarajiwa. Allen aliihariri upya Al-Inkishafi mwaka wa 1977, ikatolewa na East African Literature Bureau. Hiyo ilikuwa hatua, kwa kuwa mswada ulisafiri hadi Nairobi badala ya London; lakini kwa mtu wa Lamu, Nairobi nayo ni ng'ambo ya aina yake. Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mwanaleksikografia wa visiwa hivyo aliyeishi Mombasa hadi alipofariki mwaka wa 2017, alitunga Sambo ya Kiwandeo ili kuhifadhi msamiati wa mafundi wa vyombo vya Lamu: majina ya mbao, ya viungo, ya zana na ya hatua za kazi. Ni utungo adimu ambao mfanyakazi wa mikono si pambo ndani yake, ndiye mada. Ulichapishwa mwaka wa 1979, mjini Leiden, Uholanzi. Nabhany huyohuyo ndiye aliyebuni neno runinga, ambalo kila mwanafunzi wa Kenya hulitumia katika mtihani wake. Kama kungekuwako namna ya kulipia neno, visiwa vya Lamu vingekuwa na pato la kila siku.

Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, ajulikanaye kama Mau, imamu na mshairi wa Lamu, alitunga Wasiya wa Mabanati mwaka wa 1974. Utungo huo haukungoja matbaa. Ulienea kwa kaseti zilizonakiliwa na kunakiliwa tena, mkono kwa mkono, hadi ukasikika pwani nzima. Kaseti ilikuwa mnakili wa bei nafuu asiyehitaji wino wala mteja wa Ulaya, na wasikilizaji wake wa kwanza walikuwa wazazi na mabinti wa mji wenyewe. Kwa maana hiyo Mau alirudi kwenye njia ya Mwana Kupona, ambayo Kijuma alilazimika kuiacha. Pato la moja kwa moja kwa mtunzi ni jambo jingine. Kaseti iliyonakiliwa jikoni haina hesabu.

Mwaka wa 2023 mkusanyo wa tungo za Mau, pamoja na tafsiri na maelezo, ulitolewa katika kitabu kikubwa kilichohaririwa na Annachiara Raia na Clarissa Vierke. Jina la mshairi liko juu ya jalada, na kitabu chenyewe husomwa bure kwenye intaneti, hata na kijana wa Langoni mwenye simu. Mchapishaji wake yuko Leiden. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, ambayo ilipigwa picha katika miaka ya 2010 chini ya mradi wa maktaba ya taifa ya Uingereza, ilifuata utaratibu tofauti: picha zilisafiri, karatasi zikabaki Langoni. Mtafiti anayetaka kuushika wino wenyewe hana budi kupanda mashua, na kulala Lamu.